Neno Alilolitafuta Baada ya Kicheko

"Hebu soma tena!" mwalimu wa hesabu alisema huku akijifuta machozi ya kicheko.

Mwalimu wa Kiingereza akainua simu, akasoma kwa madaha ujumbe aliotumiwa asubuhi: "You are my hole world. I love you untill I dead."

"Hole si shimo? Alitaka whole, yaani yote! Kumbe wewe ni dunia yake ya shimo!" mwalimu wa hesabu akadakia.

Ofisi ya walimu ikalipuka.

"Ndiye shemeji yetu huyo?"

"Shemeji gani!" mwalimu wa Kiingereza akajibu. "Fundi tu, ananisumbua."

Ghafla wote wakatazama nyuma yake. Mwalimu wa Kiingereza akageuka. Mlangoni alisimama fundi wa kuchomelea vyuma, mchumba wake wa miezi minane, aliyekuja kupima dirisha la ofisi. Futi ilikuwa mkononi.

"Samahani walimu," fundi alisema taratibu. "Nitamtuma mwenzangu."

Akaondoka.

Mwalimu alipiga simu mara kumi na moja. Jioni ukaja ujumbe mmoja, kwa Kiswahili:

"Nilijua nakosea. Nilidhani anayekupenda atakusahihisha pembeni. Usinitafute."

Siku mbili hakula vizuri. Hata kumtazama mtu usoni alishindwa. Siku ya tatu akaenda kwenye karakana ya fundi. Alimkuta dada yake fundi, aliyekuwa akiuza rangi pale mbele.

"Wifi, kama bado naruhusiwa kukuita hivyo," dada alisema. "Kaka amepeleka geti, anarudi sasa hivi. Wakati unamsubiri, soma hili."

Lilikuwa daftari lenye alama za vidole vya grisi. Kila ukurasa ulianza na mistari mitatu: neno, maana yake, na neno jingine la maana hiyo hiyo. *Beautiful*, nzuri, *lovely*. Chini yake neno la kwanza limerudiwa mara ishirini. *Necessary*, lazima, *needed*, pembeni ameandika: "c moja, s mbili, usisahau!"

"Anajifunza kila akimaliza kazi," dada alisema. "Anasema hataki uone haya kutembea naye."

Mwalimu akafungua ukurasa wa mwisho. Tarehe ilikuwa ya siku ile ya ofisini. Neno lilikuwa moja tu: *Embarrass*, r mbili, s mbili. Kuaibisha. Halikuwa na kosa hata moja.

Machozi yakamtoka. Alipoinua kichwa, fundi alikuwa amesimama mbele yake.

"Nisamehe, mpenzi. Nimekukosea sana."

"Hapa tuko watatu, mwalimu. Ulinikana mbele ya ofisi nzima."

Mwalimu akafunga daftari, akamkabidhi.

"Basi kesho saa nne pokea simu yangu," mwalimu alisema. "Hilo tu."

Kesho yake, saa ya chai, alisimama katikati ya ofisi, simu ikiwa hewani kwa sauti kubwa.

"Walimu wenzangu, yule fundi hanisumbui. Ni mchumba wangu. Yeye alikosea herufi, mimi nikakosa utu. Ujumbe ule haukuwa wa kuchekwa, na aliyewasomea ni mimi. Naona aibu."

Mwalimu wa hesabu akainamisha kichwa. "Shemeji, na mimi nisamehe."

Mwalimu akaisogeza simu karibu.

"Nimesikia," fundi alisema. "Bado inauma, sikufichi."

"Najua."

"Njoo Jumapili nyumbani, mama anataka kukuona."

"Umemwambia nilichofanya?"

"Sijamwambia. Utamwambia mwenyewe."

Mwalimu akainua kichwa. Wenzake wote walikuwa wakimtazama.

"Nitakuja," alisema. "Nitamwambia."