Difu Isiyoachia

Breki alifika yadi ya magari mabovu jua likiwa limeshazama, na kilichompeleka kilikuwa kitu cha kawaida kabisa: difu, kile chuma kinachogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya nyuma. Jina lake la kuzaliwa walilitumia mama yake na dada yake tu. Mtaa mzima ulimwita Breki kwa sababu kutengeneza breki ndiyo kazi yake, na wenye midomo yao walisema ndiyo maana maisha yake hayasongi mbele. Siku zote alicheka nao. Wiki ile hakuwa na kicheko.

Mama yake alikuwa mgonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki alitakiwa afikishwe hospitali ya ng'ambo ya mlima kusafishwa damu, na mvua zilipoanza mlima ukakataa. Gari la Breki lilisukumwa na magurudumu ya nyuma, na difu yake ilikuwa ile ya kawaida: tairi moja likipata utelezi, nguvu yote inakimbilia hukohuko, linazunguka kama pia huku lenzake limesimama tu linaangalia. Walikuwa wameshakosa siku mbili. Miguu ya mama ilivimba hadi ukiibonyeza, kidole kinaacha shimo. Daktari alisema kwenye simu bila kuzunguka: wakikosa na ya tatu, hana tena la kuwaahidi.

"Heh! Breki, leo umeamua kwenda mbele?" alisema Mama Vyuma, mwenye yadi, mwanamke wa miraba minne asiyekosa kijiti cha meno mdomoni.

"Nataka difu inayong'ang'ania. Na gia fupi za kupandia mlima. Ila mfuko wangu unaujua."

Mama Vyuma aliacha mzaha. Alimpeleka hadi mwisho wa yadi, kwenye gari jeupe lililokaa peke yake, magari mengine yakiwa yamesogezwa mbali nalo. Halikuwa na hata mkwaruzo.

"Ndani ina visahani, vinayashika magurudumu yote mawili pamoja. Haiachii hii. Meno arobaini na matatu kwa kumi, ndizo gia fupi unazozitaka. Nakupa kwa bei ya chuma chakavu." Akashusha sauti. "Lakini unajua taratibu zetu. Gari alilofia mtu, mafuta ya difu yanabaki kwenye ardhi lilipolala. Unamwaga hapahapa. Yote."

"Najua, mama."

"Nasikiliza, Breki. Nataka nisikie yakimwagika."

Alijua, ndiyo. Kila fundi anajua. Lakini alijua pia kwamba difu ya visahani haili mafuta ya kawaida. Ina mafuta yake, na galoni moja la hayo lilikuwa linashinda bei ya difu yenyewe. Pesa hiyo hakuwa nayo, na hakuwa na wa kumkopa. Basi akalala chini ya gari, akalegeza nati, akaacha mafuta yagonge ardhi kidogo ili mama wa watu asikie. Kisha taratibu akasukuma dumu chini ya tundu.

Yalikuwa mazito, meusi. Mafuta ya difu yananuka vibaya siku zote, kama yai lililooza. Haya yalikuwa na harufu nyingine ndani yake… ya dawa. Ile ya korido za hospitali.

Akafunika dumu kwa koti lake, akachomoa difu, akaenda zake.

Siku iliyofuata alifunga difu, akayachuja mafuta kwa kitambaa, akayarudisha yote. Alipozungusha gurudumu la kushoto kwa mkono, la kulia likafuata palepale. Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Dada yake aliyekuja kumletea chai akamwambia, "Kaka, leo una sura ya binadamu."

Jioni ya saa kumi na mbili, simu ya dada ikamkuta gereji. Mama anahema kwa shida.

Walimlaza kiti cha nyuma, kichwa kikielekea dirishani. Dada alibaki na watoto wake. Mvua ilikuwa inamwaga. Mama akasema kwa sauti yake ileile ya utani, sasa nyembamba, "Baba, ukinifikisha leo nitawaambia waache kukuita Breki." Hivyo ndivyo alivyomwita tangu utoto wake: baba.

Mlima ulianza, na gari likapanda. Jamani, lilipanda! Matope yaliyokuwa yakimdhalilisha wiki nzima yalipondwa chini ya matairi yote mawili. Breki alipiga usukani kwa furaha. Nyuma, chini ya kiti, visahani vililia kwenye kila kona.

Tak… tak… tak…

Ni kawaida, alijiambia. Difu za aina hii hulia kwenye kona.

Halafu barabara ikanyooka. Na mlio ukaendelea.

Tak… tak…

Kama kucha kwenye bati. Na harufu ile ya dawa ikajaa garini, ikamkaa kooni.

"Baba," mama alinong'ona, "huyu binti umempakia wapi?"

Breki akatazama kioo. Kiti cha nyuma alikuwepo mama tu, amejikunja pembeni kabisa kama mtu aliyebanwa.

"Binti gani, mama?"

"Huyu. Ana baridi, maskini. Miguu yake kama barafu."

Ni homa, alijiambia. Sumu imepanda kichwani. Akakanyaga mafuta. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu, kona ya mwisho kabla ya kilele… na hapo gari likapunguza mwendo. Injini inanguruma, matairi hayatelezi, hakuna kilichokatika. Lakini gari linazidi kutulia, pole pole, kama mtu anayesita mlangoni.

Likasimama.

Mvua peke yake ilisikika. Mama alikuwa anavuta pumzi kwa kukoroma sasa, pumzi moja, kimya kirefu, pumzi nyingine. Breki aliingiza gia ya kwanza, gari halikujongea. Kavu. Akajaribu kurudi nyuma. Kavu. Machozi yakamtoka hivihivi.

"Mama, usilale! Ongea na mimi!"

"Anauliza…" Sauti ilikuwa mbali. "Binti anauliza kama nitampa nafasi yangu. Anasema huko aliko amekaa sana. Nimwambieje, baba?"

Hapo ndipo pa kujuta. Angegeuka tu. Angemwangalia mama yake usoni. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kilele, mguu kwenye mafuta, na akilini mna neno moja tu: kufika. Akajibu kama unavyomjibu mgonjwa anayeweweseka.

"Mpishe, mama! Mpishe akae, twende!"



Kisha gari likaruka mbele, nusura liache barabara.

Lilimaliza mlima, likashuka upande wa pili kama maji. Visahani havikulia tena. Wala kukoroma hakukusikika tena, na Breki hakuthubutu kutazama kioo hadi taa za hospitali.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa kabla hajazima injini. Mama yake akashuka. Kwa miguu yake! Akasimama mvuani, akanyoosha mgongo, akaiangalia mikono yake pande zote mbili kama aliyevaa nguo mpya.

"Mama! Mama, unaweza kutembea?"

Akamgeukia. Uso ni uleule. Akatabasamu kwa adabu, ile adabu ya watu wasiojuana.

"Asante, dereva," alisema. "Nilisubiri sana."

Akaingia ndani.

Walimpima usiku huo na kesho yake. Daktari aliita wenzake wawili waje kusoma majibu. Figo zinafanya kazi kama za msichana, walisema, na hawakuwa na maelezo zaidi ya hapo. Dada yake Breki alilia kwa furaha kwenye simu hadi ikakatika.

Breki ndiye aliyempigia Mama Vyuma.

"Yule mtu wa gari jeupe… alikuwa nani?"

"Binti wa watu. Walikuwa wanampeleka hospitali, gari likakwama mlimani. Dereva akashuka kutafuta wa kusukuma. Aliporudi, akamkuta keshakufa, amelala kiti cha nyuma. Kwa nini unaniuliza?"

Breki alichungulia gari lake uani.

"Breki. Mafuta uliyamwaga?"

Breki alilikumbuka dumu chini ya koti.

"Mama yako yuko wapi sasa hivi?"

"Amepona," alisema. "Yuko nyumbani. Anakula."

Mama Vyuma alikata simu. Tangu siku hiyo hapokei namba yake.

Nyumba imejaa furaha. Mama amenenepa, anafagia uwanja, anawabeba wajukuu. Hana ubaya na mtu. Anasahau majina tu, na dada anasema ni ugonjwa uliomchosha kichwa. Majirani wanampongeza Breki, wanamwambia mtoto wa kiume ndiyo huyo. Mnunuzi mmoja alikuja kulitaka gari kwa bei nzuri mno. Breki alimfukuza kwa matusi, akaomba radhi, akaingia ndani kulia.

Kila jioni anakwenda kukaa kwenye gari, uani, injini imezimwa. Dada yake humwita kutoka mlangoni.

"Kaka, njoo ule! Mama anakuuliza!"

"Nakuja."

Haendi. Anatazama mbele tu, kioo amekigeuza kisimwonyeshe kitu. Na kutoka kiti cha nyuma, upande wa dirishani, sauti nyembamba inayotetemeka kwa baridi humuuliza, bila kumlaumu, kama inavyomuuliza kila siku:

"Bado hatujafika, baba?"

"Bado kidogo, mama," humjibu.