Ndege Namba Nne

Simu ililia mara mbili, ikakatika, ikalia tena mara moja.

Kunguru aliweka kikombe mezani, akapokea.

"Kuna mayai sita kiotani," sauti ya Mkuu ilisema. Ilikuwa sauti ya mwanamke asiyependa kurudia neno. "Moja ni bovu. Yanaruka saa kumi."

"Kiota cha nani?"

Kwa miaka kumi na minane ya kazi hii, Kunguru hakuwahi kumsikia Mkuu akisita.

"Cha kaka yako."

Alitazama Seiko yake ya chuma. Saa saba na nusu mchana.

Mengine aliyapata garini, kupitia kidude kilichojificha sikioni. Ramani ya rada zote za mpakani ilikuwa imeibwa na kutiwa kwenye kadi ndogo kuliko ukucha. Leo ingetoka nchini ndani ya modeli moja kati ya sita za ndege, zilizokuwa zikipelekwa kwenye maonyesho ng'ambo. Kama ingefika, mnunuzi angejua ni wapi anga letu halina macho. Askari mia nne walikuwa wakilala jirani na rada hizo.

Na modeli zote sita ziliundwa na mikono ya mtu mmoja.

"Kwa nini mnanituma mimi?" Kunguru aliuliza.

"Kwa sababu wewe atakufungulia mlango. Ukimkuta na hatia, umlete."

"Akikataa?"

"Umlete, Kunguru."

Alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikanguruma. Bastola yake, Beretta, ilikuwa kwapani kama siku zote. Leo ilimkera kama jipu.

Mlango ulifunguliwa na mke wa kaka yake, mikono imejaa povu la sabuni.

"Shemeji! Leo jua limetokea wapi? Nilidhani umehamia mwezini."

"Mwezini hakuna chai kama yako, shemeji."

"Maneno matamu, miguu mizito. Haya, pita. Yuko karakanani na mke mwenzangu wa plastiki."

Karakana ilikuwa chumba cha nyuma, hatua nne kwa tatu. Kilinuka gundi na rangi. Misasa ilining'inia kwenye misumari kwa mpangilio, kuanzia mkali hadi laini kama shavu la mtoto. Chini ya taa yenye kioo cha kukuza, kaka yake alikuwa ameinama. Alikuwa fundi wa ndege mstaafu, miwani imefungwa uzi, tupa ndogo mkononi.

"Funga mlango. Vumbi linaingia kwenye rangi."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kaa, lakini usiguse kitu."

Baba yao alipofariki, huyu ndiye aliyemlea. Kunguru alijifunza subira kwenye meza hii hii, akiwa na miaka tisa, akisubiri gundi ikauke.

Mbele ya mzee kulikuwa na ndege ya saba, bado haijapakwa rangi. Ilikuwa Mustang, ndege ya vita ya zamani, lakini si kama ilivyotoka kiwandani. Ncha za mabawa zilikuwa zimekatwa. Kioo cha rubani kilishushwa hadi kikawa kama tone la maji. Matundu ya bunduki yalizibwa na kupigwa msasa hata usingejua yalikuwa wapi.

"Unajua kwa nini nazipenda hizi za mashindano?" mzee alisema. "Ziliundwa kuua. Vita vikaisha, watu wakazing'oa bunduki, wakazifundisha kukimbia tu. Ningependa na binadamu tuwe hivyo."

Kunguru alihisi Beretta ikimgusa ubavu.

"Na ndani yake kuna nini?"

"Hewa."

"Hewa tupu?"

"Tupu. Hizi hukalia kigurudumu cha mkia, pua juu. Hazihitaji kizito. Jeti zenye gurudumu la mbele ndizo hutiwa chubwi puani, kile kizito cha mshipi wa kuvulia, la sivyo zinakaa kitako kama mbwa. Nilikufundisha hayo kabla hujaota ndevu. Umesahau?"

"Kazi nyingi, kaka."

"Mh. Kazi ya ofisini."

Mzee aligeuka kutafuta kibano. Hapo Kunguru akapitisha kidole chini ya meza na kubandika kinasa sauti kidogo kama punje ya dengu.

Sekunde moja. Mkono haukutetemeka. Hilo ndilo lililomtisha.

"Zile sita ziko wapi?"

"Katibu wa chama chetu cha modeli amezichukua asubuhi. Wiki jana pia alikaa nazo siku tatu, eti anazipiga picha za kitabu cha maonyesho." Mzee alivua miwani. "Mbona unaniuliza kama polisi?"

"Nauliza kama mdogo wako."

Alitoka bila kunywa chai.

Garini alitega sikio. Kama kaka yake angepiga simu kumwonya mtu, basi. Dakika tano zilipita. Alisikia tupa ikikwaruza, kikohozi, tupa tena. Kisha sauti ya mzee, akiongea peke yake au na ndege:

"Amekonda, mdogo wangu."

Kunguru aliwasha gari. Mtu asiye na hatia husema hivyo. Jasusi mzuri naye husema hivyo, akijua anasikilizwa.

Saa tisa na dakika ishirini. Ghala la mizigo, uwanja wa ndege.

Aliingia na kitambulisho cha forodha. Makasha sita yalikuwa mezani, karibu na mashine ya kumulika mizigo. Kando yake alisimama Katibu, mwanamume nadhifu mwenye glavu nyeupe, akifuta vumbi ambalo halikuwapo.

"Ukaguzi wa mwisho," Kunguru alisema. "Karatasi."

"Karibu, mkaguzi. Ni vitu vya kuchezea tu vya wazee."

Kunguru alisoma. Namba moja: plastiki, rangi, gundi. Namba mbili, vivyo hivyo. Namba tatu.

Namba nne: *plastiki, rangi, gundi, chubwi la puani, gramu sitini.*

Alisoma tena.

"Hili chubwi ni la nini?"

"Uzani," Katibu alijibu haraka. "Mashine ingeonyesha doa jeusi, ndiyo maana nimeliandika. Kila modeli huwekewa. Bila hivyo inaangukia mkia."

"Wewe huunda ndege gani, Katibu?"

"Jeti, mkaguzi. Za kisasa."

"Nilijua."

Kunguru alifungua kasha. Ndani ililala Mustang nyekundu, mabawa mafupi, rangi inang'aa kama kidonda kibichi. Aliisimamisha mezani. Ikakalia mkia wake, pua juu, jinsi ilivyozaliwa kukaa. Akaweka kidole chini ya tumbo, akainyanyua kidogo.

Pua ikaanguka kama kichwa cha mlevi.

"Mwenye modeli ndiye aliyelitia," Katibu alisema. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Mimi nimeandika alichoniambia."

"Yeye? Atie chubwi kwenye ndege ya kukalia mkia?"

Kifua cha Kunguru kilifunguka. Hewa iliingia hadi chini kabisa, mara ya kwanza tangu saa saba na nusu.

Katibu alimrushia kasha usoni.

Kunguru aliinama. Alipoinuka, glavu nyeupe zilikuwa zimekwapua Mustang na mwenye nazo alikuwa mlangoni, anakimbia kuelekea kwenye ndege ya mizigo.

"Mnara, Kunguru hapa," alimwambia Mkuu kupitia kidude cha sikioni. "Yai bovu ni namba nne. Linakimbia."

"Na kaka yako?"

"Safi."

"Una hakika?"

"Kuliko jina langu."

Lami ilikuwa ya moto. Katibu alipenya katikati ya matoroli, akageuka, akatoa kibastola. Risasi ikatoboa sanduku. Wapakizi wakalala chini. Kunguru alikuwa na Beretta mkononi na mgongo wa mtu mbele yake, hatua thelathini, shabaha ya mwanafunzi.

Hakufyatua. Ndege ilikuwa kifuani mwa yule mtu.

Akasukuma toroli tupu kwa nguvu zake zote. Likamkuta Katibu magotini. Kibastola kikaruka. Mustang ikaruka.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ikapaa.

Kunguru alijitupa, akaidaka kwa viganja viwili, kiwiko kikachunika hadi nyama. Ndege ilikuwa nzima. Hata kioo hakikuwa na mkwaruzo.

Kisha akafanya alichotakiwa kufanya. Kofia ya propela, njia pekee ya kuingia puani, ilikuwa imegandishwa kwa gundi isiyoachia. Aliishika pua kwa mkono mmoja, kiwiliwili kwa mwingine, akaivunja.

Mlio wake ulikuwa mdogo. Aliusikia hadi kwenye meno.

Ndani ya chubwi lililotobolewa, kadi.

"Mnara. Ninayo."

"Vizuri. Mnunuzi naye amegongewa mlango na wenzetu wa huko. Umemaliza."

Saa kumi na moja alikuwa tena karakanani. Aliiweka Mustang mezani, vipande viwili, akaeleza yote yaliyoruhusiwa kuelezwa.

Mzee alishika pua iliyovunjika, akaizungusha chini ya taa. Miezi saba ya kazi.

"Kwa hiyo ulipoona chubwi ndipo ukajua si mimi?"

"Ndiyo, kaka."

"Na kabla ya hapo?"

Kunguru alitazama misasa kwenye misumari yake.

Mzee alifungua droo. Kwa kibano, polepole kama mtu anayeweka rubani kitini, akalaza kitu kidogo kando ya ndege. Kilikuwa kama punje ya dengu.

"Meza hii ninaijua kwa vidole," alisema. "Umesahau kitu chako."

Jikoni shemeji aliita kwamba chai iko tayari, na safari hii asikimbie.

"Itatengenezeka?" Kunguru aliuliza.

"Ndege, ndiyo."

Kunguru alichukua ile punje, akaitia mfukoni. Akafunga kifungo cha koti juu ya Beretta, akanyoosha ukosi. Alipotoka alifunga mlango taratibu, vumbi lisiingie kwenye rangi.

Mtaani, simu ililia mfukoni mara mbili, ikakatika.

Hakugeuza kichwa. Alitembea wima, bila haraka, mpaka ilipolia tena.