Saa Iliyovaliwa Juu ya Sweta

Mama ni fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ndicho duka lake. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto huwa amefunga kijimto cha kuchomekea pini. Hakivui hata akila.

Kaka alipomletea saa janja, mkono ule ulikuwa umeshajaa. Basi mama akaifunga juu kidogo ya kijimto, juu ya sweta lake.

"Inanihesabia hatua, inaniambia simu ikiita," akaringa. "Sasa nani kama mimi?"

Lakini siku hizo alikuwa anachoka ovyo. Akipanda ngazi tatu tu, anashika ukuta. Moyo unamwenda mbio.

"Mama, twende hospitali."

"Hospitali ya nini? Saa imenipima." Akanionyesha kioo. Palikuwa na alama ya moyo na vistari viwili. "Unaona? Hakuna kitu. Mzima kabisa."

Nikaamini. Saa ya kisasa, nani abishane nayo?

Jumamosi jirani yetu, nesi, alikuja kujaribu sare yake. Mama akainama kupima pindo. Aliponyanyuka akayumba. Nesi akamdaka, akamkalisha.

"Dada, hii saa unaivaaje?"

"Mkononi. Kwani wewe yako unaivaa mguuni?"

Nesi hakucheka. "Vistari hivi vinasema haijakupima. Inapima sweta."

Akaivua, akaigeuza. Mgongoni inamulika kijani, vitaa vidogo kama macho.

"Mwanga huu unaingia kwenye ngozi, unaona damu inavyopita," akasema. "Moyo ukipiga, saa inahesabu. Lazima iguse ngozi. Isilegee, isibane."

Akafungua kijimto, akapandisha sweta, akaivalisha vizuri. Tukasubiri. Mia na thelathini na nane. Tisini na sita. Mia na arobaini. Moyo wa mama tunauona pale mkononi unavyokimbia.

Nesi akamshika mkono, akahesabu mwenyewe kwa vidole.

"Saa siyo daktari," akasema. "Lakini ikikuonyesha hivi, hukai nyumbani. Twende."

Daktari akampima kwa mashine. Mapigo ya moyo hayakuwa yanafuatana sawasawa. Angechelewa, damu ingeweza kuganda na kumletea kiharusi. Akampa dawa.

Sasa ni miezi miwili. Mama anapanda ngazi huku anaimba. Kijimto cha pini kimehamia kwenye shingo ya cherehani.

Juzi nesi akatuambia kuna watu wanatengeneza nyuzi zinazosikia mapigo. "Mbele huko, shati lenyewe litapima moyo."

Mama akasimamisha cherehani. Akavuta uzi, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akautazama muda mrefu.

"Uzi," akasema polepole. "Uzi kama huu huu."

"Kama huo huo, dada."

"Basi wakimaliza waniletee mimi nishone." Akaulamba, akautunga kwenye sindano. "Na nitaupitisha upande wa ndani. Uguse ngozi."