Shika Pindo, Mwamini!

Mwamini ana miaka mitano na nusu. Hiyo nusu usiisahau, atakukumbusha.

Ana gauni jekundu, na ana mdogo wake, Hamimu, wa miezi minne.

Hamimu hajui kusema. Hajui kukaa. Kulia sasa! Kulia anajua. Hulia hivi:

"Ngaa! Ngaa! Kwi!"

Ngaa mbili, halafu kwikwi moja. Kila siku hivyo hivyo.

Walikuja Kigoma kwenye harusi ya Mama Mdogo. Wanawake wote walivaa sare: kanga ya bluu yenye mananasi ya njano. Mama mananasi. Bibi mananasi. Ukumbini mananasi, jikoni mananasi!

Baba alitangulia kurudi Dar es Salaam, kazini. Leo Mama anarudi na watoto. Kwa ndege. Peke yake!

"Nitaweza kweli?" Mama alimwuliza Bibi. "Huyu nimbebe, huyu nimwangalie, na mkoba, na tiketi, na nepi, na hiyo ndege yenyewe naiogopa, ikiyumba je? Na huyu akilia je? Watu watasemaje?"

"Watasema mtoto analia," alisema Bibi.

Kisha akainama kwa Mwamini.

"Mjukuu wangu, mkono mmoja wa mama yako una Hamimu. Mkono mmoja una mkoba. Wa kukushika wewe haupo. Basi mshike wewe. Shika pindo la kanga yake ya mananasi. Usiachie!"

Mwamini akashika pindo.

Wakashuka kwenye teksi, uwanja wa ndege.
Shika pindo, usiachie!

Wakaingia kwenye foleni.
Shika pindo, usiachie!

"Ngaa! Ngaa! Kwi!" alilia Hamimu.

"Nyamaza mwanangu, nyamaza, watu wanatuangalia, nyamaza baba," alisema Mama.

Mbele kulikuwa na mashine kubwa. Inameza mikoba. Vuuum! Inaitema upande wa pili.

"Mkoba hapa. Viatu hapa," alisema dada wa ukaguzi. "Kwenye lango, mmoja mmoja. Wewe mrembo, tangulia."

"Nimeambiwa nisiachie," alisema Mwamini.

"Utashika tena ukishapita."

Mwamini akaachia. Akapita langoni, hop!

Mbele yake akaona bluu. Akaona njano. Mananasi! Akalidaka pindo haraka.

Shika pindo, usiachie!

Pindo likatembea, ti, ti, ti. Likapita viti. Likapita duka la soda. Likafika mwisho kabisa, karibu na mlango wa kioo. Likasimama.

"Mama, nina kiu," alisema Mwamini.

"Hee!" ilijibu sauti nzito. "Jamani, njooni mwone, nimeota mkia!"

Mwamini akatazama juu. Juu kulikuwa na uso mpana na miwani.

Huyo hakuwa Mama.

"Shikamoo," alisema Mwamini. Kidogo tu, kwa sababu machozi yalikuwa yameshafika machoni.

"Marahaba, mkia wangu. Mama yako yuko wapi?"

"Sijui."

"Amevaaje?"

"Kanga ya mananasi."

Pale mlangoni walikaa wanawake wengine wanne. Wote walitoka harusini. Wote walivaa mananasi. Wakatazamana, wakacheka.

"Basi leo una mama watano!" alisema mmoja.

"Mimi namtaka wangu," alisema Mwamini.

Wakaacha kucheka.

"Anaitwa nani huyo wako?" aliuliza yule wa miwani.

"Mama Mwamini."

"Na wewe?"

"Mwamini."

"Haya. Hapo sasa tumejua."

Ding-dong! "Abiria wa Dar es Salaam, karibuni kwenye ndege."

Watu wote wakasimama. Miguu, miguu, miguu. Mikoba, mikoba, mikoba. Mwamini hakuona kitu. Je, ndege ikiondoka? Je, Mama akiondoka?

Akafumba macho. Akasikiliza.

Gara-gara-gara. Hilo ni begi la magurudumu.

Ngaa-ngaa-ngaa-ngaa! Huyo ni mtoto. Lakini kwikwi hana.

"Siyo huyo," alisema Mwamini.

Halafu, mbali, nyuma ya duka la soda...

"Ngaa! Ngaa! Kwi!"

"HUYO NDIYE WETU!"

Mwamini akakimbia. Yule wa miwani akakimbia nyuma yake, mananasi yakirukaruka. Na huyo hapo Mama! Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, na Hamimu begani.

"Mwamini! Mwanangu! Nimekuita, nimezunguka, nimeuliza kila mtu, nikasema ana gauni jekundu, wakaniambia hawajaona gauni jekundu, ulikuwa wapi?"

"Nilishika pindo, Mama. Sikuachia. Lakini lilikuwa la mtu."

"Langu hili," alisema yule mama wa miwani, na akageuka kulionyesha.

Mama akaangalia kanga yake. Akaangalia ile nyingine. Akacheka huku analia.

Ndani ya ndege, Mwamini alikaa dirishani. Mama alikaa katikati na Hamimu. Kiti cha tatu akakaa nani? Yule yule wa miwani!

Mikanda ikafungwa. Kli! Kli!

Ndege ikaanza kukimbia. Vuuuuuuu...

"Ngaa! Ngaa! Kwi!"

Kaka mmoja wa kiti cha mbele akageuka.

"Samahani kaka, samahani sana, masikio yanamuuma, nadhani, atanyamaza sasa hivi," alisema Mama.

"Mwache alie, Mama," alisema Mwamini. "Angekuwa kimya nisingekuona."

Mama akamtazama Hamimu. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Kweli," alisema. "Lia, mwanangu."

"Na mnyonyeshe," alisema mama wa miwani. "Akimeza, masikio yanafunguka."

Hamimu akanyonya. Mku, mku, mku.

Ndege ikapanda. Ikayumba kidogo. Mama akafumba macho.

"Unaogopa, Mama?"

"Kidogo. Hapana. Sana."

Mwamini akachukua pindo la gauni lake jekundu. Akaliweka kwenye kiganja cha Mama.

"Shika pindo," alisema. "Usiachie."

Mama akashika. Wakapita kwenye wingu jeupe. Wakatokea juu, kwenye jua. Mama akafumbua jicho moja. Kisha la pili.

"Ee," alisema. "Kumbe kuzuri."

Dar es Salaam, Baba alisubiri nje. Mlango ukafunguka. Wakatoka mananasi. Mananasi. Mananasi!

"Mama Mwamini!" aliita Baba, akipunga mikono yote miwili.

"Siyo mimi, baba," alisema mama wa miwani. "Wako yuko nyuma."

Baba akatafuta huku. Akatafuta kule. Njano ikamchanganya macho.

"Ngaa! Ngaa! Kwi!"

"Huyo wangu!" alipiga kelele Baba.

Akawabeba wote. Karibu aubebe na mkoba.

Jioni, Mwamini alioga. Akala wali. Akalala kitandani, na Mama akamfunika kanga ya mananasi.

Mwamini akashika pindo.

Nyumba ilikuwa kimya. Kimya mno.

"Mama," alinong'ona. "Hamimu yupo?"

"Yupo. Amelala."

"Kweli yupo?"

Wakasikiliza wote wawili.

Kutoka kwenye kitanda kidogo ikaja sauti, ndogo kama tone la maji.

"Kwi."

"Yupo," alisema Mwamini.

Akalala. Pindo hakuachia.