Yule Aliyemtukana Kivukoni

Ukimkuta fundi vioo karakanani kwake, utasema ni mtu wa taratibu. Kioo hakitaki pupa. Alikipima, akakipima tena, ndipo akakikata. Akikipakia kwenye pikapu yake, alikilaza juu ya godoro kuukuu, akakifunga kamba, akaendesha kama aliyebeba mayai. Kila shimo alilikwepa. Kila tuta alilipanda kwa adabu.

Lakini mzigo ukishashuka, alikuwa mtu mwingine. Mguu wake ulikuwa mzito, na honi aliitumia kuliko breki. Mkewe, Mama Pacha, alimwonya mara nyingi.

"Baba Pacha, utakuja kuua mtu."

"Mke wangu, huku kwetu ndivyo watu wanavyoendesha," alijibu kila mara. "Ukiwa mpole barabarani, hufiki."

Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi. Fundi alikuwa amepeleka vioo vya madirisha kwenye zahanati, na kazi ikachelewa. Simu ikalia. Alikuwa Mama Pacha.

"Umeshampokea mama stendi?"

"Niko njiani," alisema. Kumbe bado alikuwa anakusanya vifaa vyake.

"Usimwache mtu mzima anyeshewe, tafadhali."

"Nimekwambia niko njiani."

Mkwewe alikuwa anakuja kuwaona wajukuu zake, mapacha wa kike. Fundi alimheshimu sana mama huyo. Mbele yake hakuinua sauti, wala hakukaa amekunja nne. Kumwacha asimame mvuani kungekuwa aibu kubwa. Basi akakanyaga mafuta.

Karibu na soko palikuwa na kivuko cha watembea kwa miguu, kile chenye mistari myeupe. Mwanamke mmoja alikuwa ndiyo kwanza ameingia kwenye mistari. Kwa ajili ya mvua alijifunika mtandio wa maua mekundu kichwani hadi machoni, na mkononi alishika mfuko. Alikwenda polepole. Fundi alimwona, tena alimwona vizuri. Lakini mguu wake haukugusa breki. Aliibana honi, akausogeza usukani kidogo ili ampite kwa mbele.

Mwanamke akashtuka. Akarudi nyuma haraka, akateleza, akaangukia mtaroni.

Fundi alishusha kioo cha mlango. "We bibi, umechoka kuishi? Barabara hii ya baba yako?"

Akaenda zake. Kwenye kioo cha kutazama nyuma aliona watu wakimkimbilia yule mwanamke. "Watamsaidia," alijiambia. "Mimi nina haraka."

Stendi hakumkuta mkwewe. Mkata tiketi alimwambia basi lilifika mapema. "Yule mama alisubiri kidogo, akasema si mbali, atatembea. Ameshika njia ya sokoni."

Fundi alisimama pale na funguo mkononi. Alirudi nyumbani akiendesha polepole sana, ingawa hakuwa na kioo hata kimoja.

Sebuleni alimkuta mkwewe ameketi kwenye kiti, tope hadi kiunoni. Kifundo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimevimba. Mama Pacha alikuwa amepiga magoti, anamsafisha jeraha la mguuni. Juu ya mgongo wa kiti palianikwa mtandio wa maua mekundu.

"Shikamoo, Mama," alisema fundi.

Mkwewe aliinua uso. Alimtazama kwa muda. "Marahaba, baba. Tumewakuta."

"Mwone mama alivyofanywa," Mama Pacha alisema bila kugeuka. "Kuna dereva kamtupa mtaroni, tena kwenye kivuko. Na tusi juu. Mtu wa namna hiyo hakulelewa, aliokotwa. Mungu amwonyeshe naye siku moja mama yake analia hivi."

"Baba naye hupiga honi kwa watu," alisema mmoja wa mapacha.

"Nyamaza, mama yangu," alisema bibi yao kwa upole. "Niletee maji ya kunywa."

"Gari lilikuwaje, mama?" aliuliza Mama Pacha. "Tungelitafuta."

"Sikulitazama. Nilikuwa naangalia pa kuangukia."

Fundi alitamani sakafu ipasuke immeze. Alitaka kukiri. Badala yake alisema, "Huo mkono unataka hospitali. Twende, Mama."

Mama Pacha alibaki na watoto. Ndani ya gari, mkwewe alishika mlango kwa mkono mzima, asiuachie. Vifutio vya kioo vilikuwa vinakwenda na kurudi. Walipokaribia hospitali, mama akasema bila kumtazama:

"Baba, ile sauti ilikuwa yako."

Fundi aliliweka gari pembeni. "Ndiyo, Mama. Ni mimi. Sikujua kama ni wewe."

"Najua hukujua. Ungejua, ungesimama, ukashuka, ukanipokea na mfuko." Sasa alimgeukia. "Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkono. Sasa hivi unaona aibu kwa sababu mimi ni mkweo. Ningekuwa mama wa mtu mwingine, ungekuwa unaona aibu?"

Fundi aliwasha gari tena. Jibu la kweli alilijua. Angekuwa ameshakula chakula, amelala.

"Nimenyamaza mbele ya mwanangu na wajukuu," alisema mama. "Sikunyamaza ili kukuficha. Nimekuachia useme mwenyewe."

Hospitali walimpiga picha, wakakuta mfupa wa kifundo umevunjika. Alifungwa plasta ngumu. Daktari aliuliza nini kimetokea, na fundi akajibu mwenyewe, macho yake chini: "Nilimtisha kwa gari kivukoni. Akaanguka."

Jioni hiyo alimwambia mkewe, wakiwa jikoni. Mama Pacha alikuwa ameshika sufuria. Aliiweka chini polepole.

"Kwa hiyo yule niliyemlaani ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

Hakumpigia kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliosha mikono, akaenda kukaa na mama yake. Tangu siku hiyo hakupanda tena ile pikapu, wala hakuwaruhusu mapacha waipande. Shuleni aliwapeleka kwa miguu. Majirani walipouliza, alisema tu, "Tunanyoosha miguu." Fundi alisikia kutoka karakanani, na kila mara uso ulimwaka.

Katika nyumba ya pili kutoka kwao aliishi mama mmoja aliyefundisha udereva maisha yake yote. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Breki, kwa sababu kila mwanafunzi wake alimwiga akisema, "Breki, mwanangu, breki kabla ya maneno." Fundi alikuwa akimcheka. Sasa alimwendea, akasimama mlangoni kama mtoto aliyetumwa kuomba chumvi.

"Mwalimu, nataka kujifunza upya."

"Una leseni wewe."

"Ninayo. Na nimemvunja mkwe wangu mkono."

Mwalimu alimkaribisha ndani. Fundi alieleza yote. Alipomaliza, akatafuta pa kuegemea. "Lakini Mwalimu, huku kwetu wote tuko hivi. Ukisimama kivukoni, wa nyuma anakutukana. Ni utamaduni wetu."

"Utamaduni wetu?" Mwalimu alivua miwani. "Nikuulize. Mtu mzima akiingia chumbani na viti vimejaa, unafanyaje?"

"Nainuka."

"Ukikutana naye mlangoni?"

"Nampisha."

"Ana mzigo?"

"Nampokea."

"Nani alikufundisha?"

"Wazazi. Kila mtu hufundishwa hivyo."

"Basi huo ndio utamaduni wetu. Ule wa kumtukana bibi kivukoni si utamaduni, ni mazoea mabaya tuliyoambukizana. Kila mmoja amemwiga wa mbele yake. Na mazoea yanaachwa. Tena usisahau, heshima si ya mkwe peke yake. Barabarani hujui nani ni nani."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Kuna jambo jingine," aliendelea Mwalimu. "Ulimwangusha mtu, ukaondoka. Sheria inataka usimame, umsaidie aliyeumia, kisha utoe taarifa polisi. Umekwenda?"

"Sijaenda."

"Anza na hilo. Ukimaliza, njoo na gari."

Fundi alikwenda kituoni, akajieleza mwenyewe. Askari aliyemsikiliza alikuwa kijana wa umri wa mdogo wake. Kumweleza kijana yule tusi alilotoa, neno kwa neno, ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Alishtakiwa, akakubali kosa, akapokea adhabu yake.

Ndipo masomo yakaanza. Mwalimu alikaa kando yake na mkoba magotini.

"Mbele pana kivuko. Unafanya nini?"

"Nasimama mtu akiwepo."

"Umechelewa. Ukikiona tu, punguza mwendo, hata kama hakuna mtu. Watu hutokea. Tazama kioo cha nyuma. Gusa breki mapema na kwa upole, ili anayekufuata aone taa zako, asije akakugonga. Simama kabla ya mistari, usiipande. Na gari jingine likisimama kivukoni, usilipite kamwe. Limesimama kwa sababu ya mtu ambaye wewe humwoni."

"Na mvua ikinyesha?"

"Lami yenye maji haishiki tairi vizuri. Gari husimama mbali zaidi na ulipotaka. Kwa hiyo nenda polepole zaidi, na uache nafasi kubwa zaidi kati yako na wa mbele. Honi je, ni ya nini?"

"Ya kumtahadharisha mtu."

"Siyo ya kumfukuza. Sasa niambie, ukibeba vioo unaendeshaje?"

Fundi alicheka kidogo, kisha kicheko kikafa. "Vizuri, Mwalimu. Nikibeba vioo naendesha vizuri."

"Basi kuendesha unakujua. Ulikuwa hutaki tu."

Maneno hayo yalimkaa kifuani siku nyingi.

Mara ya kwanza aliposimama kivukoni, basi lililokuwa nyuma lilipiga honi mfululizo. Dereva alitoa kichwa, akauliza kama gari limekufa au dereva ndiye aliyekufa. Abiria wakacheka. Masikio ya fundi yalipata moto.

"Usiwajibu," alisema Mwalimu. "Honi haivunji mtu mfupa. Acha yule baba amalize."

Baba mmoja mwenye gongo alimaliza kuvuka. Aliinua mkono kushukuru. Fundi hakujua auelekeze wapi uso wake, maana hakuona kama amestahili shukrani.

Miezi ikapita. Plasta ilitolewa, na mkwewe akarudi kwake kwa basi, mkono ukiwa bado dhaifu. Fundi aliacha kujibu simu akiwa anaendesha. Kazi zikichelewa, alimpigia mteja kabla ya kuwasha gari, akasema kweli kwamba atachelewa. Wengine walinung'unika, lakini walimsubiri.

Asubuhi moja ya mvua alikuwa anarudi na gari tupu. Mbele palikuwa na kivuko cha shule, na hapakuonekana mtu. Alipunguza mwendo. Ghafla mtoto mdogo alichomoka nyuma ya gari lililoegeshwa, akakimbilia kofia yake iliyopeperushwa na upepo. Fundi alikanyaga breki. Gari liliteleza kidogo, likasimama. Mtoto aliokota kofia, akaikung'uta, akarudi alikotoka. Hata hakulitazama gari.

Fundi alibaki ameshika usukani. Angekuwa na mwendo wake wa zamani, asingewahi.

Alimweleza mkewe jioni, bila kujisifu. Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho. Akaendelea kukunja nguo za watoto. Kisha akasema:

"Jumamosi nataka kwenda kumwona mama. Na watoto wanamtaka bibi yao."

"Nitawatafutia tiketi za basi."

"Sikusema basi. Utatupeleka wewe."

Fundi alimtazama, kisha akatazama chini. "Basi tutoke mapema," alisema. "Barabara itakuwa na watu."