Udongo Ulioungua Burat

Mashine ilipokataa kunyamaza, Regina Akiru alidhani kuna waya umelegea.

Ilikuwa adhuhuri, mwaka wa 1979, kwenye nyika ya Burat nje ya mji wa Isiolo. Regina, binti wa Kiturkana aliyesomea ufundi Nairobi, alikuwa na kikosi kilichokuwa kikitafuta madini. Kazi yake ilikuwa kupima sumaku ya ardhi, ile hafifu sana ambayo mtu anaweza kuikanyaga maisha yake yote bila kujua ipo. Kwenye ncha ya ufito mrefu palifungwa chupa ya mafuta taa iliyozungushiwa waya; kifuani alivaa kisanduku, na masikioni vipaza sauti vidogo. Akibonyeza kitufe, alisikia mluzi mwembamba uliofifia mara moja, kisha namba zikajitokeza.

Kilichoharibu vipimo ni chuma. Ndiyo maana asubuhi hiyo alikuwa amebishana na Denge, Mborana wa mtaa wa Chechelesi aliyeajiriwa kubeba ule ufito. Denge alivua kisu na mshipi, lakini mkononi akabaki na bangili nene ya chuma.

“Na hiyo pia, Denge.”

“Hii haitoki, madam. Mama alinivalisha nikiwa kijana. Alisema nisiitoe hata nikilala.”

“Kwa nini?”

Denge alicheka kwa aibu. “Mambo ya wazee. Ati majini wanaogopa chuma.”

“Basi utaivaa jioni. Hapa inaniharibia kazi.”

Alijipaka mafuta mkononi, akaivuta mpaka ngozi ikachubuka, akaiacha kwenye Land Rover.

Sasa, jua likiwa utosini, mluzi haukufifia. Regina alizima mashine, akaiwasha tena. Mluzi ulirudi, ukarefuka, na ndani yake akasikia mwanamke akiguna wimbo wa kubembeleza mtoto, polepole, kama anayepita akitafuta kitu chini. Hapo hapo harufu ikamjia, ya nywele na nyama iliyoungua, ingawa hapakuwa na moshi popote.

“Denge, hebu sikiliza.”

Denge aliweka vipaza sauti masikioni. Uso wake ukabadilika kama umepakwa majivu.

“Zima,” alinong'ona. “Madam, zima. Imenijua.”

Alikimbia hadi kwenye gari, akavaa bangili yake, akakaa humo mpaka kazi ikaisha.

Lakini bangili ilimlinda yeye peke yake. Nyumbani Chechelesi alikuwa na mke, Asli, na binti wa miaka minne aitwaye Luul, ambaye kila jioni alimsikia baba yake akifungua lango na kumkimbilia akiita, “Abba! Abba!” Jioni ile hakukimbia. Alikuwa amekaa kwenye kona ya chumba akiutazama ukuta, akiguna wimbo ambao mama yake hakuwahi kumfundisha.

Asli alidhani ni malaria. Alimpeleka akapimwa, hakuonekana na malaria. Mtoto hakula. Ngozi yake ilichoma kama sufuria iliyotoka jikoni, na Asli alipomchana nywele, ncha zake zilikatika zikiwa zimeungua.

“Salaam aleikum,” alisema Bi Abiba, mganga mzee wa mtaa huo, akiinama kuingia mlangoni. Hakusubiri aitikiwe. Alinusa hewa, akafunga dirisha, akaweka ubani juu ya makaa.

“Wewe ni nani?” alimuuliza mtoto.

Luul aligeuka. Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, iliyochoka kwa kulia.

“Muulize huyo aliyewasha moto.”

Asli alimwangalia mumewe. “Moto gani, Denge?”

“Mwambie,” sauti ilisema. “Mwambie, kabla hujavalishwa chuma, ulivyomwona mwanangu kwenye shina la mgunga uliokauka, nyoka mweupe, mdogo, hajui hata kuuma. Mwambie ulivyokusanya kuni. Ulivyoweka jiwe kwenye tundu asitoke. Ulikaa ukasikiliza mpaka akanyamaza. Ulikuwa unacheka.”

Denge alipiga magoti. “Sikujua alikuwa wako. Nichukue mimi. Navua chuma sasa hivi, nichukue mimi.”

“Wewe sikutaki,” sauti ilijibu. “Ukifa utapumzika.”

Bi Abiba alimshika Denge bega asiseme tena. “Mama,” alisema taratibu, kama anavyosemeshwa mfiwa, “unataka nini kwa hawa?”

Makaa yalipasuka, na mahali fulani kwenye paa la mabati kitu kikajikokota kutoka upande mmoja hadi mwingine, kizito, bila haraka, mpaka kikasimama juu ya kichwa cha mtoto.

“Upepo ulibeba majivu yake, mvua ikafuta mahali. Nimetafuta nyika yote sijapajua. Anionyeshe mwanangu alipolala. Jua la kesho likizama kabla sijampata, huyu wake naye ataungua.”

Alfajiri Denge alikuwa mlangoni kwa Regina, macho mekundu, akamsimulia yote.

“Sipakumbuki, madam. Mgunga ule haupo tena. Burat yote ni mchanga na miiba, nitachimba wapi?”

Regina alikuwa mtu wa kanisa, na mambo ya majini aliyaona ya watu wengine. Lakini ule wimbo alikuwa ameusikia kwa masikio yake, na tangu hapo hakuwa amepata usingizi. Tena yeye ndiye aliyemvua mtu huyu bangili.

“Udongo ukichomwa sana,” alisema baada ya kufikiri, “unashika sumaku. Kidogo tu. Mvua haiondoi. Mashine inaweza kuiona.”

Hakumwomba ruhusa mkuu wa kikosi, Bwana Kaberia. Alichukua mashine wakaondoka. Walipofika Burat, Denge hakuambiwa; alivua bangili mwenyewe, akaitupa garini.

Walitembea kuanzia kilima hadi lugga, ule mkondo wa mto mkavu, wakarudi, wakasogea kidogo, wakaanza tena, na kila Regina alipobonyeza kitufe yule mwanamke alikuwepo ndani ya mluzi, mara mbali, mara karibu sana, akiguna bila kuvuta pumzi, na ile harufu ikiwafuata hata upepo ulipogeuka, na Denge aliyetangulia na ufito akisikia joto la pumzi kwenye shingo yake isiyo na kinga lakini akiogopa kutazama nyuma, kwa sababu mchangani, kando ya nyayo zake, palikuwa na mburuto mpana uliokuwa ukitembea naye.

Jua lilikuwa limeshainama pale namba zilipopanda. Regina alirudi nyuma hatua, zikashuka. Akasogea, zikapanda.

“Hapa,” alisema. “Usitumie chuma. Chimba kwa mikono.”

Chini ya mchanga udongo ulikuwa mwekundu, mgumu kama kigae. Chini yake mkaa. Na jiwe moja jeusi, bado limeziba tundu.

Denge alilia alipoliondoa. Alikusanya kile kidogo kilichokuwa ndani, majivu na vifupa vyembamba kama sindano, akavifunga kwenye kitambaa cheupe, akavizika, akasoma dua alizozijua. Regina akabonyeza kitufe. Mluzi ulikuja, ukafifia. Kisha sauti ile ikasema maneno machache kwa Kiborana.

Alimpa Denge vipaza sauti. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Amesema nini?”

“Amesema amemwachia Asli mtoto wake.”

“Na wako pia, Denge. Si mtoto ni wenu?”

Denge alimrudishia vipaza sauti, akashika njia ya kwenda garini.

Walipofika Chechelesi magharibi ikiadhiniwa, Luul alikuwa amekaa kwenye mkeka akinywa maziwa, ngozi imepoa, na Asli anacheka na kulia pamoja. Denge alifungua lango. Mtoto aliinua macho.

Alipiga ukelele uliowatoa majirani nje. Alimwaga maziwa, akapanda mgongoni kwa mama yake, akajificha uso.

“Ni Abba,” Asli alimwambia. “Luul, ni Abba wako.”

Kadiri Denge alivyosogea ndivyo mtoto alivyopiga kelele, mpaka akakosa pumzi, midomo ikaanza kuwa ya buluu, ikabidi baba arudi nje. Bi Abiba alisoma, akafukiza, akamwosha mtoto kwa maji ya dua. Wiki zikapita. Jini hakuwamo ndani ya Luul, mganga alikuwa na hakika. Alikuwa mzima, anakula, anacheza na wenzake. Baba tu ndiye asiyeweza kumkaribia.

Mwishowe Denge alihamia kijiji cha Kinna kuchunga ng'ombe wa mjomba wake. Siku za soko alileta maziwa, akayaweka nje ya lango, akasimama ng'ambo ya barabara asikie binti yake anavyoongea.

Siku moja Luul alitoka kabla hajaondoka. Hakupiga kelele. Alisimama ameshika nguo ya mama yake, akamtazama mtu yule wa ng'ambo kwa huruma.

“Mama,” aliuliza, “yule mtu anaungua kila siku. Mbona hakuna anayemzima?”