Pini ya Lehemu

"Na hizo suruali zako uzianue kwenye ukuta wangu, la sivyo nazitupa bwawani. Sianikiwi nguo na mtu aliyeniulia mume."

"Ukuta ni wetu sote, jirani. Na mumeo kafa maji. Mimi si maji."

"Ulisema utamwonyesha. Ulisemea hapahapa, mtaa mzima unasikia."

"Nilisema Mungu atamwonyesha. Usiniongezee maneno, nina yangu ya kutosha."

Kati yao, barazani, maiti ilikuwa imelazwa chini ya shuka fupi. Miguu miwili mikubwa ilitokeza nje, kana kwamba marehemu amejinyoosha asikilize ugomvi vizuri.

Inspekta aliwaacha waendelee kidogo. Kazi ilikuwa imemfunza kwamba majirani wakigombana, mpelelezi hupumzika. Kila kitu hutolewa nje bure.

Marehemu aliitwa Kambare, kwa masharubu yake na kwa jinsi alivyokuwa hashikiki. Alivua samaki kwenye bwawa la kuzalisha umeme, kwa boti ndogo yenye mota ya betri. Asubuhi hiyo ya Jumatatu walinzi walimkuta amenasa kwenye nondo za chuma, mbele ya milango ya kutolea maji, boti imepinduka kando yake.

Aliyekuwa akilaumiwa ni fundi redio, jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu mwembamba anayezungumza akiangalia vidole vyake vya miguu.

"Ugomvi wenu ulikuwa wa nini?" Inspekta akamwuliza.

"Unaujua, afande. Nani hapa haujui?"

Kweli, aliujua. Masika ya mwaka juzi mke wa fundi redio alishikwa na uchungu wa kuzaa. Barabara ya kuzunguka bwawa ilikuwa imekatwa na mvua, na zahanati iko ng'ambo. Upepo ulikuwa mkali, kasia haliwezi. Mwenye mota alikuwa mmoja tu, Kambare. Akamtazama mgonjwa, akamtazama mume, akamtazama mkunga, akasema mota yake ni ndogo, ya kuvulia tu, itawazamisha wote. Fundi redio akashukuru, akamrudisha mkewe nyumbani. Wakazikwa wawili, mama na mtoto aliyekuwa tumboni.

"Jana Jumapili ulikuwa wapi?"

"Ndani. Peke yangu."

"Muuaji," mjane akasema taratibu, kama anayetaja bei.

Inspekta akaamuru fundi redio apelekwe mahabusu. Mota na betri akazibeba mwenyewe hadi kwa Bi Koili.

Bi Koili alisuka upya nyaya za mota za kila namna, za mashine za kusaga hadi za feni, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba isiyokauka watu. Kila Jumapili alipika sufuria ambayo watu wawili hawawezi kuikumbatia. Alikula aliyealikwa, aliyepita njia na aliyepotea njia. Hata Kambare alikuwa akila pale, ingawa mke wa fundi redio, aliyekufa jioni ile ya mvua, alikuwa binti wa Bi Koili. Mtaa ulimsifu mama huyo kwa moyo wa kusamehe. Mmoja tu hakuwa amekanyaga kizingiti chake tangu mazishi: mkwewe, fundi redio.

"Leta nikuone, mgonjwa wangu," Bi Koili aliiambia mota, akiilaza mezani. Ilikuwa kama fimbo ndefu: juu mpini wa kuongozea, chini kichwa cha chuma chenye rafadha, lile panga la kusukuma maji. Akafungua nati, akavuta rafadha. Kijipini kilichopita katikati ya shafti, ule mhimili unaozungusha panga, kilikuwa kimekatika vipande viwili.

"Hiki ndicho kilichomuua," akasema. "Pini hii hushikanisha panga na shafti. Ikikatika, mota inaunguruma vizuri tu, ila panga halizunguki. Kelele nyingi, mwendo hakuna. Kama hotuba za wakubwa zenu."

"Si hukatika zenyewe?"

"Ukigonga jiwe, ndiyo. Ndiyo kazi yake, ife yenyewe mota ipone. Lakini pini huwa ya shaba ngumu. Hii nayo..." Akaikwaruza kwa kucha, na kucha ikaacha alama. "Hii ni lehemu, mwanangu. Ya kuungia waya. Penye maji yaliyotulia itakuvumilia. Ukikaribia milango, mkondo ukakuvuta, ukaongeza moto kupambana nao, inakatika kama chaki."

"Ya akiba je?"

Akaibandua chini ya kifuniko cha mpini. Lehemu vilevile. Hiyo haikuwa bahati mbaya tena. Na Kambare hakubeba kasia. Alikuwa akisema kasia ni la wazee.

"Jumamosi alivua akarudi salama," Inspekta akasema. "Kwa hiyo mkono uliingia stoo yake Jumapili. Nani ana lehemu mtaani?"

"Mimi." Akacheka. "Na fundi redio. Lakini mimi jana nilikuwa na nyumba imejaa, Kambare na mkewe wakiwemo. Waulize. Jiulize na wewe, uliyekula mapaja mawili ya kuku."

"Moja."

"Mawili. Niliyaona."

"Na ambaye hakuwepo?"

"Unamjua ambaye hakuwepo."

Inspekta aliinama juu ya mota. Shafti ilikuwa safi. Kwa wavuvi, mshipi uliopotea majini hujiviringa hapo nyuma ya panga, ukakata sili, ile raba ya kuzuia maji, na maji yakaingia ndani. Hapa hapakuwa na uzi hata mmoja. Grisi ilikuwa mpya. Akageukia betri. Sanduku lake lilikuwa na magamba ya samaki na tope la mwaka jana, lakini vichwa vyake viwili vya kufungia waya viling'aa, vimepakwa mafuta ya mgando.

"Kambare alikuwa mtu wa usafi?"

"Kambare? Alioga siku ya harusi yake, tena kwa kulazimishwa."

Inspekta alinusa. Mafuta yalikuwa na harufu tamutamu, ya mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa. Akafungua vibanio vya waya, akavitia kwenye mfuko wa ushahidi. Njiani alipita kwa mjane.

"Humu kuna mtoto mchanga?"

"Humu kulikuwa na Kambare. Angetosha watoto kumi."

Mahabusu, fundi redio alikana kila kitu. Hakuingia stoo. Hakugusa mota. Ya mota hayajui; angeyajua, siku ile asingekubali kuambiwa ni ndogo. Alikana kwa sauti kubwa kuliko Inspekta alivyowahi kumsikia.

Kisha Inspekta akaufungua mfuko chini ya pua yake.

Fundi redio alivuta pumzi mara moja. Uso wake ukalegea. Akaangalia vidole vya miguu.

"Andika ni mimi," akasema.

"Ulifanyaje?"

"Niliharibu mota."

"Ulianza kufungua nini?"

"Ile... betri."

"Pini ukaitengeneza kwa kitu gani?"

"Chuma."

"Chuma. Na ulipoitia pini kwenye betri, ikakaa vizuri?"

"Ikakaa vizuri."

Inspekta alifunga jalada. "Pini haikai kwenye betri, ndugu yangu. Mafuta haya unayajua. Ya nani?"

"Nimesema ni mimi."

Alimgombeza, akamtisha kwa kifungo cha maisha, akampa maji, akaanza upya. Jibu likawa lilelile. Lakini Inspekta alikuwa amekwisha kukumbuka mahali ambapo huwa anakaa siku za Jumapili, na kitu kinachoning'inia ukutani juu ya kichwa chake. Akatoa amri mtuhumiwa aachiliwe.

Alipofika kwa Bi Koili, hata Jumatatu ile chakula cha wageni kilikuwa kinapakuliwa. Wageni walimsogezea kiti. Hakukaa.

"Mama, mfuko huu wa ukutani una nini?"

"Nguo za mjukuu wangu," Bi Koili akasema.

"Nikiufungua?"

"Fungua. Mikono si unayo."

Ndani mlikuwa na vinguo vilivyokunjwa, kofia ya sufi, na kopo la mafuta ya mtoto. Mafuta yalikuwa yamejaa hadi juu, kama yalivyotoka dukani, isipokuwa katikati. Hapo vidole viwili vilikuwa vimechota.

"Maabara itasoma alama hizi," Inspekta akasema.

"Isome. Vidole ni vyangu. Mimi na ukweli hatujagombana." Akajifuta mikono kwa kanga. "Kambare alileta mota hapa mwezi uliopita. Alifunga waya mwembamba kama uzi, ukayeyuka. Nikaigeuza, nikasoma kibandiko chake. Msukumo wa kilo ishirini na tano. Unajua maana yake? Kilo moja ya msukumo inatosha mzigo wa kilo hamsini. Weka boti, weka betri, weka mwanangu na mumewe na mkunga, weka na Kambare na tumbo lake. Hawafiki nusu. Mota ile ingevusha harusi nzima na matarumbeta yake."

Bi Koili akafunika sufuria.

"Nikamwuliza huku nacheka, jioni ile ilikuwaje? Naye akacheka. Akasema betri alikuwa ameijaza kwa ajili ya samaki wa alfajiri. Nikambadilishia waya. Nikamwambia, Jumapili usikose kuja kula."

"Na jana alipokuwa akila..."

"Nilimwongezea mchuzi, nikatokea mlango wa jikoni. Nani huuliza mpishi anakwenda wapi?"

"Kwa nini uisafishe?"

"Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ukungu wa kijani. Vingemzimikia mapema, penye maji yaliyolala, akarudi kwake akitukana. Nilitaka afike kwenye mkondo. Na lile kopo halijawahi kumpaka mtu. Nikasema basi, limpake yeye."

"Mkweo je? Ulijua atashukiwa."

"Nilimwandalia." Akaweka upawa chini. "Aliambiwa haiwezekani, akashukuru. Hakumkaba mtu koo, hakuiba boti. Mwanangu anakufa, yeye anatoa asante. Nilitaka mmoja azame, mwingine aoze ndani."

Inspekta akarudisha kofia ya sufi mfukoni, taratibu.

"Aliyanusa mafuta, mama."

Bi Koili akamtazama.

"Kopo hili nani alilinunua?"

"Yeye," akasema. "Alilinunua kabla hata tumbo halijaonekana. Tulimcheka."

"Alikuwa akikana kama simba. Alipoyanusa tu, akasema niandike ni yeye. Hajui hata pini ni nini. Nimemtisha kwa yote ninayoruhusiwa na mengine nisiyoruhusiwa. Hakugeuka."

Bi Koili akavua kanga ya jikoni, akainyoosha mikono. Inspekta akamsomea onyo, akamfunga pingu.

Nje, fundi redio alikuwa amesimama mbele ya kizingiti, palepale alipokomea tangu mazishi.

Bi Koili akasimama mbele yake.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Mara ile bwawani niligeuka, mama," akasema, na safari hii hakuangalia chini. "Sikutaka kugeuka mara ya pili."

Bi Koili alimkazia macho mpaka Inspekta akakohoa.

"Sijakusamehe."

"Najua, mama."

"Na umekonda. Nenda ukanawe mikono. Sahani yako iko juu ya kabati, hakuna aliyeilia tangu siku ile." Akasogea kando kumpisha mlangoni, pingu zikilia. "Ingia, mkwe. Ingia ule."